Miguu Ikikaa Bure, Mwili Hudhoofika

Ndugu msomaji wa Magomeni, Kilosa, je, nyumbani kwako kuna mzee? Labda kila akitaka kuinuka, wajukuu humwambia, "Kaa tu babu, tutakuletea." Hiyo ni heshima nzuri. Lakini ikizidi, humdhuru.

Misuli isiyofanya kazi hunyauka. Mgonjwa akilala wiki chache tu, miguu yake hukonda. Mzee hupoteza nguvu upesi kuliko kijana, na huchelewa kuzipata tena.

Miguu inasaidiaje mwili wote? Kwanza, misuli ya mapaja ni mikubwa. Ikifanya kazi, hutumia sukari iliyo katika damu. Pili, ukitembea, mashavu ya miguu hukaza na kusukuma damu irudi kwenye moyo. Tatu, miguu yenye nguvu humzuia mtu asianguke. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Akilala muda mrefu, hupata vidonda vya mgongoni na hata nimonia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye kazi kama hiyo, dakika 150 au zaidi kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Mkulima aendaye shambani kwa miguu huzipata. Lakini akaaye dukani kutwa, na apandaye pikipiki hata kwa safari fupi, wajihadhari.

Fanya hivi. Weka kiti imara ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani. Simama, kisha kaa polepole. Rudia mara tano. Ukishindwa, shika meza. Baada ya siku chache, ongeza kidogo. Kula pia maharage, kunde, dagaa au mayai. Vyakula hivi hujenga misuli.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, au upande mmoja wa mwili ukiishiwa nguvu, usifanye mazoezi. Nenda zahanati au hospitali mara moja.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walichimba vyoo vingi vijijini. Leo tazama njia ya kwenda chooni kwako. Ondoa mawe na visiki. Fukia mashimo. Mpe mzee fimbo na taa.

Kisha usimwambie, "Kaa tu." Mwambie, "Babu, twende pamoja."