Magari ya dukani na rekodi zisizozeeka

Watu wakizungumzia mbio za magari hutaja kasi. Mimi nitaanza na saba.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari ya Afrika Mashariki, yakafika saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakafika saba tena. Ndiyo miaka inayotajwa hadi leo mtu akiuliza Safari ipi ilikuwa ngumu kupita zote. Na mshindi wa miaka yote miwili ni yuleyule: Nick Nowicki, akisomewa ramani na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua kwa kubeba abiria na magunia.

Sisi wa Yangambi hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kutoka Kisangani hadi hapa ni kama kilomita 100, na mvua ikishika, wengi huona heri kupita mtoni kwa mtumbwi. Dereva aliyepita barabarani akafika na gari zima, habari zake husimuliwa. Ndiyo maana Pasaka, wakati Safari ilipokuwa ikikimbiwa, nilitega sikio redioni kutaka kujua kwanza nani bado yumo njiani.

Mbio zenyewe zilizaliwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika jamaa yake, Neil Vincent, ashindane katika uwanja wa Langa Langa, upande wa Nakuru. Vincent akakataa. Kuzunguka njia ileile hakukumvutia hata kidogo. Alitaka safari ya kuvuka nchi, atakayerudi mbele ya wenzake awe ndiye mshindi. Kuhusu kuzunguka sikubaliani naye, na nitasema kwa nini. Lakini waandaaji walipatia jambo moja kubwa: magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Mwenye gari dogo alikuwa na mashindano yake halali.

Kwa miaka mingi wenyeji ndio waliotamba. Kuanzia 1953 hadi 1971 hakuna aliyeshinda ila wakazi wa Afrika Mashariki. Hannu Mikkola wa Finland ndiye mgeni wa kwanza kuwapokonya, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Katika wenyeji hao nampenda sana Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliondoka wa kwanza kabisa wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mvua ikanyesha, na tope ambalo wao walilikuta bado halijachimbuliwa, wa nyuma yao wakalikuta shimo. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Kisha Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, jamaa za Mehta wakiwamo. Pasaka iliyofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z, kwa tofauti ndogo kuliko zote: hakuna. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawasawa, ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye akachukua 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Jumla mara tano.

Sasa nimjibu Vincent. Kule Marekani uwanja wa Martinsville, Virginia, una mzunguko wa mita 850 hivi, na magari yaliyoanza kama ya dukani huzunguka humo mamia ya mara, bamba kwa bamba. Hapo Richard Petty alishinda mara 15, kati ya ushindi wake 200 katika ngazi ya juu ya mbio za magari hayo. Lakini rekodi inayonigusa kuliko ya Petty ni ya Wendell Scott, Mweusi wa Danville, mji wa jirani, aliyekuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa udongo wa Jacksonville, Florida, wenye mzunguko wa mita 800, aliwaacha wote kwa mizunguko miwili. Waamuzi wakamtangaza mshindani wake, Buck Baker, kuwa mshindi. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka, ndipo walipokiri kwamba mshindi ni Scott. Alifariki mwaka 1990. Kombe lake familia ilikabidhiwa mwaka 2021. Alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda katika ngazi hiyo, na wa pili, Bubba Wallace, alipatikana mwaka huohuo wa 2021. Mtu asiniambie kwamba kuzunguka njia ileile hakuna habari.

Na ile rekodi ya Mehta ya kushinda Safari mara tano? Björn Waldegård aliishia nne, ya mwisho mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 46. Colin McRae aliishia tatu. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä walipokezana hadi kila mmoja akawa na mbili. Rovanperä ameacha ralii baada ya msimu wa 2025 akafuata viwanja vya lami, na Ogier amekwisha kupita miaka 40. Naiona tano hiyo ikiendelea kusimama kwa muda mrefu.