Deni la Ndege na Miti ya Kasigau

Kwa wakazi wa Marungu, Sagalla na Kasigau, neno kaboni si geni. Ni basari iliyomlipia mtoto karo, ni tangi la maji shuleni, ni darasa lililoezekwa. Lisilojulikana sana ni nani hasa anayelipa, na analipia nini. Baadhi ya walipaji ni watu wanaosafiri kwa ndege. Kanuni za dunia kuhusu hewa chafu ya ndege sasa zinakazwa, na tarehe muhimu ni Januari 31, 2028. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni hizo zinavyofika kwenye ranchi zetu, na mambo ambayo mwenye ardhi au mwanahisa anafaa kuyajua kabla ya kutia sahihi.

Tuanze angani. Mafuta ya ndege kubwa ni ndugu wa mafuta ya taa tuliyozoea, ila yamesafishwa zaidi. Tani moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa tani 3.16 za hewa ya kaboni. Wengi hushangaa tani moja inazaaje tatu. Sababu ni kwamba kaboni iliyo ndani ya mafuta hushikana na oksijeni iliyo hewani, na oksijeni hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzito. Ndege zote duniani hutoa kati ya asilimia 2 na 3 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ni kidogo ukilinganisha na magari au mitambo ya stima inayotumia makaa ya mawe, lakini ni kidogo kilicho kigumu kupunguza. Basi la kutoka Voi hadi Mombasa linaweza kuendeshwa kwa betri. Ndege ya kwenda London haiwezi, angalau kwa sasa.

Kuna ugumu wa pili: ndege ikitoka Nairobi kwenda Dubai, hewa chafu yake ihesabiwe ni ya nchi gani? Safari za ndani ya nchi huingia kwenye hesabu za nchi husika. Safari za kimataifa ziliachiwa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa ndege za kiraia. Mwaka 2016 shirika hilo lilipitisha mpango unaoitwa CORSIA. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizojiunga kwa hiari tangu awamu ya kwanza kabisa, mwaka 2021, na hapa nchini mpango huo unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA.

Mpango wenyewe hufanya kazi hivi. Hewa chafu ya safari za kimataifa ya mwaka 2019 ndiyo kipimo, na tangu 2024 kipimo hicho kimeshushwa hadi asilimia 85 ya kiwango cha mwaka huo. Kinachozidi ni deni, na deni hilo hugawiwa mashirika ya ndege. Tuseme shirika moja limetoa tani 100,000 katika safari zinazohusika, na hesabu ya mwaka ikaonyesha kwamba ziada ni asilimia 10. Shirika hilo litatakiwa kununua krediti 10,000. Krediti moja ni tani moja ya hewa ya kaboni iliyozuiwa au kuondolewa mahali pengine. Kati ya 2021 na 2023 hakuna aliyedaiwa, maana safari zilikuwa zimepungua kwa ajili ya korona. Hesabu ya 2024 ndiyo ya kwanza kuleta deni, na mashirika yamepewa hadi Januari 31, 2028 kulipa deni la miaka mitatu ya 2024, 2025 na 2026.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja. Ndege ndogo zinazotua Ikanga au kwenye viwanja vya ndani ya Tsavo kuleta watalii hazimo katika mpango huu. Ndege yenye uzito usiozidi kilo 5,700 haihesabiwi, na Cessna Caravan ya safari za mbugani haifiki huko. Ndege inayopita juu yetu kutoka Nairobi kwenda Mombasa nayo haimo, kwa kuwa haivuki mpaka. Kwa hivyo mtu asije akadai kwamba kila ndege tunayoiona inalipia miti yetu.

Kununua krediti si njia pekee, na kwa kweli haifai kuwa ya kwanza. Krediti haipunguzi moshi wa ndege yenyewe. Inamlipa mtu mwingine apunguze kwake. Zipo kazi zinazogusa moshi moja kwa moja. Katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, mtambo wa sola wa takriban kilowati 500 uliwekwa mwaka 2018 kwa ushirikiano wa ICAO na Umoja wa Ulaya. Ndege iliyoegeshwa kwa kawaida huwasha injini ndogo mkiani ili kupata stima na hewa baridi ndani. Pale inaweza kuchomekwa kwenye nguvu ya jua badala ya kuchoma mafuta. Ipo pia kazi ya mafuta mbadala. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na yale yanayotokana na malighafi za kibayolojia kutoka kampuni ya Eni. Kampuni hiyo ina kiwanda cha kukamua mbegu kwa majirani zetu wa Makueni, na mbarika, ambayo wengine huiita nyonyo, ni mojawapo ya mbegu hizo. Ulaya, kuanzia 2025, sheria inataka angalau asilimia 2 ya mafuta yanayouzwa katika viwanja vyake iwe ya aina hiyo, na kiwango kitafika asilimia 6 mwaka 2030. Mkulima wa nyanda kavu anaweza kuona soko hapo, lakini apige hesabu ya bei na ya shamba la mahindi kwanza.

Turudi nyumbani. Mradi wa Kasigau, unaoendeshwa na Wildlife Works kutoka Rukinga, unahusu takriban hekta 200,000 katika ukanda ulio kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi: Rukinga yenyewe na ranchi nyingine zaidi ya kumi. Mwaka 2011 ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa kuhifadhi misitu kupewa krediti zilizothibitishwa chini ya kiwango cha VCS. Mwaka huo huo Kenya Airways ilianzisha mpango wa abiria kulipia kwa hiari hewa chafu ya safari zao, na mradi huu wa Kasigau ukachaguliwa kupokea malipo hayo.

Mradi wa namna hii hauuzi miti, wala hauuzi hewa. Unauza tofauti. Wapimaji hupima unene wa miti katika vipande vya nyika vilivyochaguliwa, wakakadiria kaboni iliyomo, kisha wakalinganisha na hali ambayo ingekuwapo kama uchomaji makaa na ufyekaji wa mashamba mapya ungeendelea. Hapo ndipo penye ubishi mkubwa duniani, maana hakuna aliyeuona msitu ambao ungekatwa lakini haukukatwa. Makadirio yakitiwa chumvi, krediti inauzwa bila tani yoyote kuzuiwa, na ndege imekwisha kuruka.

Kwa sababu hiyo kanuni za CORSIA ni kali kuliko za malipo ya hiari. Krediti lazima itoke katika programu iliyoidhinishwa na Baraza la ICAO. Kwa deni la sasa, lazima iwe ya tani zilizozuiwa kati ya 2021 na 2026. Na serikali ya nchi ilikotoka lazima itoe barua kwamba tani hiyo haitahesabiwa mara mbili. Guyana, nchi yenye misitu mikubwa huko Amerika Kusini, ilikuwa ya kwanza kutoa krediti za namna hiyo kwa awamu hii, mwaka 2024. Barua hiyo si jambo dogo kwa Kenya. Taifa limeahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Tani iliyouzwa kwa shirika la ndege la kigeni kwa barua kama hiyo haiwezi kuhesabiwa tena katika ahadi yetu. Kwa hivyo dalali akija na ahadi kwamba mashirika ya ndege yanalazimika kununua kutoka kwa ranchi yenu, swali la kwanza ni: barua iko wapi?

Maswali mengine yanatokana na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni za 2024. Mradi unapofanyika kwenye ardhi ya umma au ya jamii, lazima kuwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Mradi wa ardhi, kama wa misitu, unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Miradi isiyo ya ardhi, asilimia 25. Serikali ya kaunti, pamoja na ile ya taifa, inasimamia majadiliano ya mkataba huo, na ni wajibu wa kaunti kuhakikisha haki za jamii zilizoandikwa ndani yake zinatekelezwa.

Asilimia 40 inasikika vizuri barazani, lakini ni asilimia 40 ya nini? Ulizeni gharama gani za uendeshaji zinaondolewa kabla ya kugawa, nani anakagua hesabu hizo, na bei ya krediti ilikuwa ngapi siku ya kuuzwa. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi na utapitiwa upya lini. Ulizeni pia mifugo italisha wapi kiangazi kikikaza, kwa maana mkataba wa miaka mingi utakutana na ukame zaidi ya mara moja.

Na kabla ya yote, jueni ardhi yenu ni ya aina gani. Ranchi zetu hazifanani. Nyingine ni za kikundi, nyingine ni kampuni zenye wanahisa na wakurugenzi, na nyingine ni za watu binafsi. Haki ya mwanajamii anayeishi kando ya ranchi si sawa na ya mwanahisa, na haki ya mwanahisa haitegemei kumbukumbu ya mzee aliyenunua hisa miaka ya sabini bali jina lililoandikwa kwenye daftari la wanachama. Familia nyingi hazijabadilisha majina ya waliofariki. Kazi hiyo ifanywe mapema, maana mapato yakianza kugawanywa kila mtu hukumbuka ukoo wake.

Mkataba ukiletwa kwa Kiingereza pekee, ombeni usomwe barazani kwa Kiswahili, Kidawida au Kisagalla kabla ya siku ya kutia sahihi, na nakala moja ibaki kwa kamati ya kijiji.