Shina la mgomba: uuze kwa vifungashio au uliache shambani?

Tangu mifuko ya kubebea ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, maswali kuhusu vifungashio mbadala hayakauki. Siku hizi naulizwa sana: eti shina la mgomba linatoa trei na maboksi? Niuze? Jibu langu: linafaa, ila usiuze yote.

Inavyotengenezwa

Zaidi ya asilimia 90 ya shina bichi ni maji, lakini kwenye maganda yake kuna nyuzi imara. Linapasuliwa, linakwanguliwa kwa mashine kama katani, kisha nyuzi zinaoshwa na kukaushwa. Zinakatwa fupi fupi, zinachanganywa na gundi, mfano wanga wa muhogo, halafu zinakandamizwa kwenye kalibu yenye moto. Fikiria zege: nyuzi ndiyo nondo, wanga ndiyo saruji. Wanga peke yake ukikauka unapasuka.

Adui yake ni maji. Nyuzi na wanga vyote vinafyonza unyevu, trei inalegea na kuota ukungu. Kupaka nta kunasaidia, ila gharama inapanda. Kwa hiyo mayai na bidhaa kavu sawa. Samaki wabichi, hapana.

Kabla hujauza

1. Shina lina potasiamu nyingi, na mgomba unaipenda mno. Ukiuza mashina yote umeuza rutuba ya shamba. Mimi nashauri uache angalau nusu, uyakatekate yawe matandazo.

2. Usitoe hata shina moja kwenye shamba lenye mnyauko wa bakteria (unyanjano). Dalili: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Ugonjwa huu hauna dawa, na gari la mashina linaweza kuusambaza hadi kijiji cha pili. Panga nalo lipitishe kwenye moto kabla ya kuhamia shina lingine.

3. Ukisafirisha shina bichi, unalipia nauli ya maji. Afadhali kikundi kiwe na mashine jirani na mashamba, muuze nyuzi kavu, na makapi yarudi kuwa mboji.

Mnunuzi akija, muulize kwanza: anataka shina au nyuzi, kilo ngapi, na nauli analipa nani? Asipojibu vizuri, matandazo yana faida ya uhakika zaidi.