Kuisoma Meli Ukiwa Lighthouse (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi pepo za kaskazi na kusi zilivyowapangia wenye majahazi siku ya kufika na siku ya kuondoka. Leo tuhamie Ras Serani, Mombasa, mahali ambapo wenyeji hupaita Lighthouse. Jioni watu huja hapa kupunga upepo, kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kuzitazama meli zinazoingia bandari ya Kilindini. Vijana wengi huzitazama kwa hamu ya kusafiri. Hamu hiyo ni nzuri, na itawafaa zaidi wakijua wanachokitazama, kwa maana meli hubeba habari zake ubavuni.

Anza na bendera. Ukiona iliyogawanywa nusu nyeupe, nusu nyekundu, ujue ndani yumo rubani wa bandari. Aliifuata meli hukohuko nje kwa boti ndogo, akapanda ngazi ya kamba huku vyombo vyote viwili vikiyumba. Nahodha anaweza kuwa amevuka bahari kuu mara nyingi, lakini mlango huu wa miamba anaujua rubani. Bendera nyekundu tupu ni ya shehena ya hatari, mara nyingi mafuta. Ya manjano ni ya meli inayotangaza kwamba haina maradhi na kuomba ruhusa ya kuingia.

Sasa tazama katikati ya ubavu. Utaona duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ya mistari midogo yenye herufi. Hiyo ni alama ya Plimsoll. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge wa Uingereza aliyekasirishwa na wenye meli waliokuwa wakishindilia mizigo katika vyombo vibovu vilivyokatiwa bima nono. Meli ikizama, tajiri analipwa. Mabaharia ndio wanaokufa. Sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli za Uingereza zichorwe alama ya kikomo cha mzigo. Herufi T ni kikomo cha bahari za joto kama yetu. W ni cha majira ya baridi, na mstari wake uko chini zaidi, kwa kuwa bahari huchafuka na meli haina budi kupunguza mzigo. Kwa maoni yangu, hakuna rangi iliyopakwa kwenye chombo ikaokoa roho nyingi kuliko hii.

Meli ikishapita, soma tezi. Chini ya jina pameandikwa bandari ya usajili: Monrovia, Panama, Majuro. Usidhani imetoka huko; huenda haijawahi kufika. Mwenye meli anaweza kuwa Mgiriki na mabaharia wake Wafilipino na Wahindi. Meli husajiliwa ugenini kwa ajili ya kodi na masharti nafuu. Jina hubadilishwa, bendera hubadilishwa, ila namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini), yenye tarakimu saba, hubaki ileile mpaka meli ivunjwe.

Jambo moja limebadilisha sana maisha ya baharia: kontena. Mwaka 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na kontena 58 kuelekea Houston. Zamani kupakua kwa mikono kulichukua siku nyingi, na mabaharia walipata nafasi ya kutembea mjini. Siku hizi winchi hufanya kazi usiku na mchana, na meli kubwa ya kontena yenye watu ishirini na kitu huondoka baada ya siku moja au mbili. Anayetaka ubaharia ili aione miji ajue kwamba aghalabu ataona gati.

Anayeutaka kama kazi, njia ipo. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978 unadai mafunzo ya kuzima moto, huduma ya kwanza na kujiokoa baharini. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, na Dar es Salaam kuna Dar es Salaam Maritime Institute. Na jambo hili wazazi walishike: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama za baharia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Wakala akikudai pesa ya nafasi melini, usitoe.