Ukiambiwa chuo hakina bajeti ya ulemavu wako, usifunge virago

KOMREDI, hebu fikiria hivi. Umefanya KCSE na ukapata alama za kuingia kozi uliyoiota tangu darasa la nne: uuguzi, sheria, uhandisi au ualimu. KUCCPS wamekupa nafasi. Una ulemavu wa kusikia. Wiki ya kwanza unaenda afisini kuulizia mkalimani wa lugha ya ishara, na jibu linakuja kwa upole kabisa: "Tungependa kukusaidia, lakini bajeti hakuna."

Jibu hilo si uongo mtupu. Vyuo vikuu vya umma vimekaukiwa. Bila shaka unakumbuka mgomo wa wahadhiri wa 2025, ulioanza Septemba ukaisha Novemba, wakidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2021 hadi 2025. Chuo kinachodaiwa na walimu wake wenyewe hakiwezi kujifanya kina chapaa za kumwaga.

Lakini pia si jibu kamili. Kama uko katika kozi ya kitaaluma, au una rafiki aliye huko, ni muhimu ujue pengo liko wapi kabla ya kuamini kwamba safari imeishia hapo.

Pesa zinamfuata nani?

Mfumo wa ufadhili uliozinduliwa na Rais William Ruto Mei 2023 umevutwa huku na huku mahakamani, lakini wazo lake kuu ni rahisi: pesa zimfuate mwanafunzi. Unapata ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na familia inajazia kilichobaki. Katika kupima hali ya familia yako, ulemavu ni mojawapo ya mambo yanayoangaliwa. Hilo ni zuri.

Sasa angalia kinachopimwa ni nini hasa. Ni uwezo wa nyumbani kulipa karo na kukupa pesa za matumizi. Mkalimani anayekaa nawe darasani kutwa nzima si karo. Lifti ya kukufikisha maabara iliyo orofa ya tatu si pesa za matumizi. Hizo ni gharama za chuo chenyewe, na chuo kikibanwa ndizo rahisi kuahirisha kwa neno tamu: "tutaangalia mwaka ujao."

Mwaka ujao usipofika, gharama haipotei. Inabebwa na mama anayemlipa mkalimani kutoka mfukoni, au na mwanadarasa anayekusomea noti usiku baada ya kumaliza zake. Wakichoka, unaibeba wewe kwa kuacha masomo.

Mtego wa kozi za taaluma

Kozi hizi ni ndefu na zina hatua ya kutoka darasani. Udaktari ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Uhandisi ni miaka mitano. Sheria ni miaka minne, halafu Kenya School of Law, halafu miezi ya kujifunza kazi chini ya wakili. Mwalimu mtarajiwa lazima aende shuleni kwa mazoezi ya kufundisha.

Huko nje ndiko watu hukwamia. Chuo kinaweza kusema hospitali ndiyo itakayoshughulikia mahitaji yako. Hospitali nayo itasema wewe ni mwanafunzi wa chuo. Unapigwapigwa kama mpira, na si mwaka wa kwanza, bali wa tatu au wa nne, wakati nyumbani walishauza ng'ombe na kipande cha shamba.

Hapo ndipo pia unaweza kusikia ile sentensi ya pili, inayouma kuliko ya bajeti: "Hii kazi si ya mtu kama wewe."

Tusipuuze hoja hiyo. Usalama wa mgonjwa ni muhimu, na daraja lililochorwa vibaya huua watu. Mabodi ya taaluma yana viwango vyao na yana haki ya kuvilinda. Swali la kuuliza ni hili: kiwango kinadai matokeo, au kinadai njia moja tu ya kuyafikia?

Daktari lazima atambue mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Hilo ni tokeo. Kuyasikia kwa stetoskopu ya kawaida ni njia, na zipo za kielektroniki zinazokuza sauti au kuonyesha mapigo kwenye skrini. Wakili lazima aijue sheria na aweze kuitetea hoja. Kuandika kwa kalamu saa tatu mfululizo ni njia, na kuchapa kwa kompyuta ni njia nyingine. Mtu akishindwa kufikia tokeo hata baada ya njia zote kujaribiwa, hayo ni mazungumzo mengine. Wengi huondolewa kabla njia hazijajaribiwa.

Ushahidi kwamba inawezekana uko hapa nyumbani. Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufaa ana ualbino, hali inayoathiri uwezo wa kuona, na alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Profesa Michael Ndurumo alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto, akasoma hadi shahada ya uzamifu nchini Marekani, kisha akafundisha saikolojia katika vyuo vikuu vya Kenya.

Si kila kitu ni mamilioni

Neno "bajeti" limegeuka kufuli la kila mlango, hata ile isiyohitaji hata shilingi. Kuhamisha darasa kutoka orofa ya tatu hadi ya chini ni kazi ya anayepanga ratiba. Kumtumia mwanafunzi noti siku mbili kabla ya kipindi ni barua pepe moja. Muda wa ziada kwenye mtihani ni jambo ambalo KNEC hufanya kila mwaka: mtahiniwa mwenye ulemavu hupewa dakika 30 zaidi. Yule yule aliyepewa muda huo kwenye KCSE akifika chuoni anaambiwa haiwezekani. Kwa nini?

Kwa mwanafunzi asiyeona, kuna programu ya NVDA inayosoma skrini kwa sauti, na ni ya bure. Kuhusu vitabu, Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au nakala za kielektroniki kwa wasioona bila kuomba kwanza idhini ya mwenye hakimiliki.

Zipo gharama kubwa za kweli. Mkalimani wa kozi nzima na lifti ya jengo la zamani si vitu vya kununua kwa mchango wa WhatsApp. Lakini mwanafunzi aliyepangiwa nafasi na KUCCPS hajatokea kama mvua ya ghafla. Chuo kinajua anakuja, na kinajua atakaa miaka mingapi. Vyuo viwili katika mji mmoja vinaweza hata kuajiri wakalimani kwa pamoja. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa kazi hiyo kabla ya wiki ya kwanza.

Sheria iko upande wako

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara na breli, na kupata vifaa vya kumsaidia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza taasisi kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu pekee ikiwa anaweza kuisoma kozi hiyo. Mei 2025 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya, ambayo mswada wake ulisukumwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona.

Na ile "hakuna pesa"? Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama elimu, ni jukumu lake kuthibitisha hivyo. Soma tena hiyo sentensi. Si wewe wa kuthibitisha kwamba pesa zipo.

Fanya hivi

Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, upate kadi. Baraza lina hazina inayosaidia kwa karo na vifaa.

Omba unachohitaji kwa maandishi, mapema, na utaje tokeo na njia: "Naomba kufanya mtihani huu kwa kompyuta." Weka nakala.

Ukikataliwa kwa mdomo, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Utashangaa ni mara ngapi "haiwezekani" hulegea inapotakiwa kutiwa sahihi.

Uliza chuo kimetenga kiasi gani kwa wanafunzi wenye ulemavu. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, taasisi ya umma inafaa kukujibu ndani ya siku 21. Ukizungushwa kuhusu mahitaji yako ya ulemavu, peleka malalamishi kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Mafunzo ya nje yakikaribia, usingoje wiki ya kuripoti. Muhula mmoja kabla, taka chuo na hospitali au shule unayoenda wakubaliane nani atafanya nini.

Na wewe usiye na ulemavu, unayewania ukiongozi wa wanafunzi mwaka huu: kabla ya kuahidi wi-fi ya kasi, muulize mwenzako wa kiti cha magurudumu ni madarasa mangapi wiki hii ameyasikilizia nje ya mlango. Kisha lipeleke jibu lake mezani siku bajeti inapopangwa.