Je, Yafaa Kufuga Samaki Atakayelizidi Tangi?

Tumeulizwa kuhusu oska, samaki wa mapambo anayeuzwa akiwa mdogo kama kidole. Kufuga kwa asili kunajuzu: Mtume (s.a.w.) hakumkataza mtoto Abu Umayr kidege chake. Lakini pia alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Oska hufikia sentimita 30 na huhitaji zaidi ya lita 200 za maji. Wapo wasemao samaki hukua kwa kadiri ya tangi. Si kweli, hudumaa na kuugua. Asiye na nafasi asimnunue. Aliyekwisha kumnunua ampe mwenye tangi kubwa, wala asimtupe baharini akidhani anamwacha huru. Huyu ni wa maji baridi, chumvi itamuua. Wallahu aalam.