KILOMITA ZA MWISHO KABLA YA LILONGWE

Askari asimamaye kizuizini huliona lori kwa muda wa dakika tano hivi. Huziona taa, tairi, nambari za usajili na uso wa dereva uliojaa vumbi. Asichokiona ni siku nane au kumi zilizolifikisha lori hilo hapo alipo. Makala haya ni ya siku hizo, hususan jioni moja ya safari iliyoanzia bandari ya Dar es Salaam, ikakwama katika njia panda ya Dowa nchini Malawi, huku Lilongwe ikiwa haiko mbali tena.

Dereva mwenyewe ni mtu wa makamo, mwenyeji wa Kyela. Nilimkuta Kanengo, eneo la viwanda na maghala lililo kaskazini mwa Lilongwe, akingoja zamu ya kushusha tani 30 za mbolea, yaani magunia 600 ya kilo 50. Mbolea ni mzigo usiostahimili uvivu. Mvua za Malawi huanza kuonyesha dalili mwezi Novemba, na mkulima aliyekwisha kupanda mahindi hawezi kuyaambia yasubiri lori. Nilipomwomba anisimulie safari yake alicheka, akasema: “Afande, nikusimulie ya gari au ya makaratasi?” Nikamwambia aanze na apendalo. Akaanza na makaratasi.

Lori la Tanzania liingialo Malawi hubeba kabrasha lililonona. Zimo hati za forodha za mzigo, kadi ya gari na ya tela, kibali cha kuingiza gari kwa muda, leseni, pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na stakabadhi za ada za barabara. Imo pia bima ya Kadi ya Njano ya nchi za COMESA. Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano. Yasemwa wapo askari wanaoikataa kadi hiyo mikononi mwa Mtanzania kwa kuwa hawajui jambo hili, na dereva akajikuta akitoa somo la historia kando ya barabara.

Kilichomchelewesha mwenzetu huyu mpakani, baina ya Kasumulu na Songwe, kilikuwa duara moja. Katika hati mojawapo, nambari ya fremu ya gari ilikuwa imeandikwa kwa herufi O mahali palipotakiwa kuwa sifuri. Siku mbili zikapita kabla ya hati kurudi imesahihishwa. Hapa nawaomba ndugu zangu wa usalama barabarani watulie kidogo. Nambari ya fremu yenye herufi na tarakimu 17, kama ilivyo katika malori mengi yatokayo Ulaya, haitumii kabisa herufi I, O wala Q, na sababu ni kwamba hufanana mno na 1 na 0. Kwa hiyo duara lolote lionekanalo katika nambari ya namna hiyo ni sifuri. Askari alijuaye hilo humaliza kwa nusu dakika shauri ambalo lingekula siku mbili.

Ya mizani nitayapita upesi, maana wasomaji wengi wanayafahamu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake pia. Magunia yakisogea kidogo katika mlima wa Kitonga, gari lililopita salama Vigwaza na Mikese laweza kuonekana limezidisha uzito kwenye ekseli moja lifikapo Makambako, ingawa halikuongezwa hata kilo. Hapo dereva na utingo wake hupanda juu, wakafungua turubai, wakapanga magunia upya.

Njia hii haikuwa daima njia kuu ya Malawi. Nchi hiyo haina bahari, na kwa miaka mingi ilitegemea reli za kwenda Beira na Nacala. Vita vya Msumbiji vilipozifunga reli hizo katika miaka ya 1980, malori yalilazimika kuzunguka mbali hadi Afrika Kusini, na yale yaliyopita Tete yalisindikizwa na wanajeshi wa Zimbabwe. Ndipo njia ya Dar es Salaam ilipopewa uzito, mizigo ikipandishwa TAZARA hadi Mbeya kisha ikipakiwa malorini kuelekea Songwe. Leo hakuna mtutu wa bunduki unaolingoja lori kati ya Karonga na Lilongwe. Adui aliyebaki ni mdogo zaidi, na ndiye aliyemkamata dereva wetu.

Breki za lori kubwa huendeshwa kwa upepo. Nyuma ya gurudumu kuna chungu cha chuma chenye mpira ndani yake na springi kali. Upepo ukiwamo, springi hubanwa na gurudumu huwa huru. Upepo ukiisha, springi hufunguka na kufunga breki yenyewe. Mpira wa chungu kimoja ulipasuka alasiri, upepo ukatoka wote, na lori likaganda kama lililopigwa msumari. Bahati alikwisha kulitoa nusu barabarani. Utingo akaweka pembetatu za tahadhari, akakata matawi na kuyatandaza kwa mbali zaidi, kisha akadandia basi dogo kwenda Lilongwe kutafuta chungu kingine. Kibali cha gari kilikuwa kimebakiza siku tatu.

Kilomita chache kutoka njia panda hiyo, upande wa kuelekea Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamezidi 50,000. Kwa dereva wa Tanzania pana faraja moja: baada ya mamia ya kilomita za Kitumbuka na Kichewa, hapo husikia tena Kiswahili sokoni, japo chenye lafudhi ya Bukavu na Uvira.

Fundi alipatikana hapo. Zamani aliendesha malori kwao Kivu ya Kusini, na mikono yake haijasahau. Lakini sheria ya Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na atokaye sharti awe na ruhusa. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na tangu hapo hakuna apendaye kukutwa nje bila hati. Fundi huyo alikuwa na ruhusa yake mfukoni. Ilikuwa inakwisha saa 12 jioni.

Utingo alirejea saa 10 na nusu akiwa na chungu kilichokwisha kutumika. Fundi alikigeuza, akakinusa, akasema: “Muzee, hiki kitafika. Ila kile cha zamani usikifungue hata kidogo. Ile springi iliua mtu nikimwangalia.” Akajilaza chini ya tela. Giza lilianza kuingia bado nati mbili na mpira wa upepo havijafungwa. Ndipo askari wawili wa doria wa Malawi walipofika, wakaomba karatasi za gari, kisha wakaomba za fundi. Mmoja aliisoma ile ruhusa mara mbili, akatazama saa. Dereva ananiambia moyo ulimshuka. Askari akamwuliza fundi zimebaki nati ngapi. Alipojibiwa, akamwagiza aondoke mara moja aiwahi kambi, naye akawasha tochi yake akawamulikia dereva na utingo wakamalizia wenyewe.

Asubuhi yake waliingia Kanengo. Kile chungu kibovu kimelala sakafuni mwa kabini, maana tajiri hairudishi fedha ya kipuri asipokiona cha zamani pamoja na stakabadhi ya fundi. Fundi wa Dzaleka hana kitabu cha stakabadhi. Aliandika kiasi alicholipwa kwenye karatasi ya daftari la mwanawe, akatia sahihi na tarehe. Dereva ameikunja ndani ya pasipoti. Hajui kama tajiri ataikubali.